Upande wa Kulia

"Leo utasema," Marsela alisema.

Clemensi alikuwa ameinama, anahangaika kufunga kamba ya kiatu kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umening'inizwa shingoni kwa kipande cha kanga. Hakujibu. Marsela akazunguka, akapiga magoti mbele yake, akamwinua kidevu.

"Nimesema leo utasema, baba Eva."

"Nitasema nini?"

"Kwamba husikii."

"Nasikia. Si nakusikia wewe?"

"Mimi unanisoma mdomo. Gari lina mdomo?"

Clemensi alitabasamu kwa upande mmoja. Marsela akaichukua ile kamba akaifunga yeye, mafundo mawili, kama anavyofungiwa mtoto wa chekechea. Alifanya hivyo taratibu ili asionekane anasaidia.

Pale Rhotia watu walijua jambo moja tu kuhusu Clemensi: ana maringo. Unamsalimia akiwa amekupa mgongo, anakwenda zake kama vile umesalimia ukuta. Na huku salamu isiyoitikiwa ni tusi. Yeye aliwaacha waseme. Mwenye maringo bado ni mtu, huo ndio uliokuwa msimamo wake. Kiziwi huzungumziwa mbele yake kama mbuzi mnadani: anakula? ana nguvu? anauma? Kwa hiyo ni watu wawili tu waliojua, Marsela na binti yao Eva aliyeolewa Mbulu.

Kwa miaka kumi na moja Clemensi alibeba kwa baiskeli maziwa ya wanawake kumi na wanne, kutoka Rhotia hadi Karatu mjini, madumu mawili ya lita ishirini na tano kwenye karia. Sasa baiskeli ilikuwa imefungiwa kituo cha polisi, na juu ya meza ya kituo hicho kulikuwa na karatasi inayosubiri sahihi yake. Karatasi ilisema kwamba alikuwa upande usio wake, alipuuza honi kwa makusudi, na kosa ni lake peke yake. Akisaini, baiskeli inabaki huko kuwa kielelezo na yeye anakwenda mahakamani. Asiposaini, itabidi aeleze. Na akieleza, aliamini kabisa, kikundi cha maziwa kitawapa madumu vijana wa bodaboda jioni hiyohiyo.

"Bora waseme mkorofi," alisema akisimama. "Mkorofi anamaliza kifungo anarudi."

Marsela alikwenda kusimama tena mbele yake, kwenye mwanga wa mlango.

"Na mimi nikae na nani, na sifa yako?"

*

Lami ilipofika Rhotia, wanakijiji waliitwa wapige makofi, wakapewa soda moja moja, wakaambiwa barabara ni yenu. Walipiga makofi. Hakuna aliyeuliza mbona pembeni hakuna njia ya baiskeli, na wengi wao walikuwa wamefika pale kwa baiskeli. Tangu siku hiyo magari ya watalii yanashuka kutoka Ngorongoro yakiwahi ndege, na mwenye barabara anatembea kwenye majani. Kuna kibao cha kuwaonya madereva kwamba mnyama anaweza kuvuka. Cha kuwaonya kwamba kuna mtu na dumu lake hakuna aliyewahi kukiona.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, ukungu umeshafunguka. Clemensi alikuwa anateremka kuelekea mjini akiwa upande wa kulia, anatazamana na magari yanayotoka Karatu, kama alivyofanya siku zote. Lori lililotoka nyuma yake likawa linalipita lori jingine, likachukua barabara nzima. Gari la watalii lililokuwa linakuja upande wake likakwepa, likashuka kwenye changarawe, na kwenye changarawe hiyo ndipo alipokuwa Clemensi. Kioo cha gari kikalipiga dumu. Baiskeli ikaenda mtaroni, Clemensi akaifuata, na gari likasimama mbele likiwa limelala ubavu mmoja kwenye kingo. Mgeni mmoja alivunjika jino. Wengine walitoa simu wakampiga picha mzee aliyekaa kwenye maziwa.

*

Kituoni, Marsela aliambiwa akae kwenye benchi la mlangoni kwa sababu yeye si mhusika. Clemensi aliitwa mezani. Pale alikuwapo Koplo Doreen, msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye mwandiko mzuri. Alikuwapo Lembris, dereva wa lile gari, kijana wa kifugaji kutoka Enguserosambu, ameshika kofia ya kampuni kwa mikono miwili. Na alikuwapo Hilary, msimamizi wa magari wa kampuni hiyo ya utalii, ambaye Clemensi alipokaa alikisogeza kiti chake pembeni. Shati la Clemensi lilikuwa limefuliwa mara mbili, lakini maziwa yakishachacha kwenye kitambaa hayasikii sabuni.

"Tumalize, afande," Hilary alisema. "Asaini, bima wanasubiri."

Koplo Doreen alikuwa ameinamia karatasi, anaandika tarehe. Bila kuinua uso akauliza, "Mzee, siku ya Jumanne ulikuwa kulia?"

Clemensi aliona kofia ya askari ikitikisika. Akajua ameulizwa. Akaendelea kungoja.

Koplo akainua uso. "Nimeuliza, siku ya Jumanne, ulikuwa kulia?"

Safari hii aliyaona maneno. Aliyasoma yote, moja moja, na moyo ukamlainika. Hakutegemea kwamba askari angemuuliza jambo kama hilo.

"Kidogo, afande," alisema.

"Kidogo vipi? Mtu anakuwa kulia kidogo?"

"Si sana. Nilijizuia. Lita hamsini za wanawake wa watu, zote mtaroni, na wale wageni wanapiga picha. Yalitoka machozi mawili matatu tu. Nikafuta."

Kisha Hilary akacheka kwa pua.

"Unaona? Ndiyo hiyo dharau tuliyokwambia. Andika, afande."

Uso wa Koplo Doreen ulibadilika. "Mzee, mimi si mjukuu wako wa kutaniana na wewe. Nakuuliza upande, unanijibu machozi?" Akainama tena kuandika, na kwa Clemensi dunia ikafungwa tena. Alibaki anaitazama ile kofia, anajaribu kukisia ni wapi alipokosea. Mkono wake mzima ukaanza kutafuta kalamu mezani. Alitaka kusaini yaishe.

Marsela akasimama kwenye benchi.

"Afande, mume wangu hasikii."

Clemensi hakuisikia siri yake ikitoka. Aliona tu nyuso zikigeukia mlangoni, kisha zikirudi kwake, na zilipomrudia hazikuwa zilezile.

"Hasikii kabisa?" Koplo aliuliza.

"Mpaka akuone mdomo."

"Kwa hiyo ni kiziwi," alisema Hilary, sasa akimtazama Marsela na si Clemensi. "Basi kosa ni mara mbili. Kiziwi anafanya nini barabarani? Muulize, anajua hata kusoma?"

"Muulize mwenyewe. Mtazame usoni, sema taratibu, na usipige kelele. Masikio ndiyo yaliyokufa, yeye hajafa."

Koplo Doreen aliweka kalamu chini. Alizunguka meza, akavuta kiti, akakaa mbele ya Clemensi magoti yakikaribia kugusana. Alivua kofia.

"Shikamoo, mzee Clemensi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nilikuuliza kuhusu upande. Mkono wa kulia. Kwa nini hukupita kushoto?"

Clemensi alimtazama Marsela, akaelewa. Alijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu akakuta hakuna baridi aliyoitegemea.

"Nikikaa kushoto, magari yanatoka nyuma," alisema. "Kwangu mimi gari la nyuma halipo mpaka linipite. Linazaliwa begani kwangu. Nikikaa kulia, namuona anayenijia. Na mwalimu wetu wa darasa la tatu alitufundisha, tembea kulia uwaone wanaokuja."

"Hiyo ni ya mtu wa miguu, mzee. Baiskeli ni chombo. Chombo kinakaa kushoto."

"Kwenye ule mlima huwa naisukuma. Nikisukuma, mimi ni mtu wa miguu au ni chombo?"

Koplo alifikiri. "Ukisukuma ni mtu wa miguu."

"Basi nikifika juu, nivuke lami na lita hamsini nikawe chombo?"

"Ndiyo sheria."

"Aliyeiandika amewahi kubeba maziwa?"

Swali hilo limekaa miaka mingi bila mtu wa kuulizwa, na kumuuliza msichana mwenye cheo cha koplo ilikuwa ni kumwonea. Lakini Doreen hakukasirika. Aliinua viganja vyake viwili, akavielekeza upande mmoja, kimoja nyuma ya kingine.

"Ukienda njia moja na gari, likikugusa linakusukuma." Kisha akavigeuza vitazamane, akavigonganisha kwa nguvu. "Ukitazamana nalo, mwendo wako na mwendo wake vinakutana hapa. Nimeokota watu watatu kwenye mteremko ule, mzee. Wote walikuwa wanaliona gari likija."

Clemensi aliviangalia vile viganja muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumweleza sheria badala ya kumpiga nayo.

"Afande," Lembris alisema. "Naomba nibadilishe maelezo yangu."

"Yapi?" aliuliza Hilary.

"Niliandika kwamba mzee alipuuza honi. Nilipiga mara tatu, yeye amenikazia macho tu. Nikasema huyu ananipima, na mimi sipimwi. Sikukanyaga breki. Ningekanyaga, ningesimama." Alielekeza kofia kwenye karatasi. "Na nilikuwa nimeshatoka kwenye lami. Pale kwenye changarawe hata mimi sikuwa kwenye upande wangu. Andika hivyo."

"Lembris, nyamaza."

"Kwetu ng'ombe wanavuka kulia, wanavuka kushoto, wengine wanalala katikati. Sijawahi kuona karatasi imeandikwa ng'ombe alipuuza honi. Tunapunguza mwendo, kwa sababu ng'ombe ana mwenyewe na ana bei."

"Kesho usije kazini," Hilary alisema, akaanza kukusanya makaratasi yake.

"Nimesikia, bosi. Mimi nasikia."

Koplo Doreen aliikunja ile karatasi ya kwanza, akachukua nyingine. Aliandika polepole, na kila sentensi alipoimaliza alimgeuzia Clemensi aisome. Mwendesha baiskeli alikuwa upande usio wake. Hakusikia honi. Dereva alitoka nje ya barabara na hakupunguza mwendo. Wote wawili walipewa onyo. "Lakini mzee," alisema akimtazama usoni, "nikikukuta kulia tena, nakupeleka mahakamani mwenyewe. Sitaki uwe wa nne."

*

Gurudumu la mbele lilikuwa limejikunja kama namba nane. Lembris alilipindua nje ya kituo, akaliwekea goti, akavuta, Marsela akishikilia upande wa pili.

"Kazi imeondoka?" Clemensi alimuuliza.

"Itatokea nyingine. Leseni ninayo."

"Unisamehe, kijana. Sikukukazia macho kwa ubaya. Nilikuwa nakusoma mdomo. Ulikuwa unatukana."

Lembris aliacha kuvuta. Masikio yake yalibadilika rangi.

"Nilitukana, mzee."

"Niliona. La mama nililiona vizuri kabisa."

Marsela alicheka mpaka akaachia gurudumu. Lembris naye akacheka, kisha akafuta macho kwa ile kofia, akaonekana hajui kama aivae au aitupe. Aliitundika kwenye ukuta wa kituo, akawasindikiza hadi njia panda akisukuma baiskeli.

*

Jioni wanawake wa kikundi walikuwa kwenye banda la maziwa. Walishajua kuhusu ajali, na walishajua kwamba kituoni ameonywa apite kushoto, maana habari haihitaji baiskeli. Mwenyekiti wao, Witness, mjane mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alikuwa amesimama nyuma ya Clemensi. Clemensi akageuka, akarudi hatua tatu.

"Naomba mkae mbele yangu nyote," alisema. "Mimi ni kiziwi. Nilikuwa kiziwi kabla hamjanipa madumu. Sikuwaambia."

Wanawake wakatazamana. Mmoja aliweka kikombe chini.

"Subiri," Witness alisema. "Miaka kumi na moja nakusalimia njiani, hunijibu, nakulaani mpaka nafika nyumbani. Nimekulaani hadi kwenye sala za novena. Na hukuwa na maringo?"

"Nilikuwa nayo kidogo."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Witness peke yake hakucheka.

"Ulitudanganya, Clemensi."

"Niliwadanganya."

"Uliona tutafanya nini? Tutakucheka?"

"Mtampa bodaboda kazi."

"Bodaboda wana masikio mawili mawili, na bado kila mwezi tunachanga sanda." Alimgeukia Marsela, kisha akajishika, akamrudia Clemensi mwenyewe. Ilimgharimu kufanya hivyo, na wote waliiona. "Polisi wamesema kushoto. Kushoto wewe utakufa, huoni nyuma. Kulia utafungwa. Sasa utapita wapi, hewani?"

Wanawake kumi na wanne waliangalia chini, kila mmoja akiona dumu lake. Ndipo Witness akatoka bila kuaga. Alirudi baada ya muda na spana mkononi na kioo cha pikipiki, kile cha upande, bomba lake lina kutu. Pikipiki ya marehemu mumewe ilikuwa imekaa stoo miaka minne, haiuziki, haiwaki, na hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuigusa.

"Injini ndiyo ilikufa," alisema. "Kioo hakijafa."

*

Wakati mkono unapona, Marsela aliisukuma baiskeli ya maziwa mwenyewe kwa miguu hadi mjini, upande wa kulia, mtu wa miguu halali. Mkono ulipotoka kwenye kanga, Jumapili baada ya misa, wanawake walimchukua Clemensi kwenye uwanja wa kanisa. Kioo kilikuwa kimefungwa kwenye usukani kwa mkanda wa mpira. Kazi yake ilikuwa kuendesha akifuata mstari wa chokaa upande wa kushoto; kazi yao ilikuwa kuwa magari.

"Mimi ni lori la saruji," alisema mmoja, akakunja gauni.

"Wewe ni lori tangu zamani."

Walikimbia nyuma yake, wanapuliza kwa midomo honi ambazo yeye hakuzisikia, wamepeperusha kanga za rangi tofauti ili azitaje kwa kuziona kiooni.

"Rangi gani?" Marsela aliuliza kwa kuinua mikono mbele ya uwanja.

"Njano!"

"Na sasa?"

"Nyekundu, anakuja haraka, huyo ni Witness!"

Mara ya kwanza aliangalia kioo sana, akaingia kwenye maua ya padri. Mara ya pili aliacha kukiangalia, na lori la saruji likampiga mgongoni kwa kanga. Mpaka saa saba mchana alikuwa amejua: jicho moja mbele, jicho moja nyuma, kama kinyonga. Padri alisimama dirishani akiyatazama maua yake, akafunga pazia asionekane anacheka.

Hiyo haikuwa njia ya baiskeli. Watu wenye kazi ya kujenga njia za baiskeli walikuwa mahali fulani siku hiyo, nao walikula chakula cha mchana. Kule Rhotia kulikuwa na kioo kimoja chenye kutu na wanawake waliojigeuza magari.

*

Jumatatu ya wiki ya tatu Clemensi alipakia madumu, akafunga kamba, akatoka hadi ukingo wa lami. Aliangalia huku na huku, akavuka, akapanda baiskeli upande wa kushoto. Mgongo wote ulihisi uko wazi.

Alikuwa hajawahi kutazama nyuma alikotoka. Mtu mwenye lita hamsini hageuki, na asiyesikia haitwi. Sasa kioo kilimwonyesha bila kuulizwa: geti la miti, ukingo wa barabara, na Marsela amesimama hapo na kanga mabegani, ameweka mikono mdomoni, anaita kitu. Jinsi alivyosimama ilionyesha kwamba hakuanza leo. Nyasi za pale aliposimama zilikuwa zimekufa kwa kukanyagwa, umbo la nyayo mbili.

Clemensi alijaribu kuusoma mdomo wake. Kwenye kioo ulikuwa mdogo kuliko punje ya mtama. Nyuma yake lori lilitokea, jekundu, likakua; Clemensi akasogea ukingoni, akalipa nafasi, likampita likimwachia yake. Vumbi lilipotulia alitazama tena. Marsela bado alikuwa pale, bado anaita, maneno ya miaka kumi na moja.

Clemensi akauondoa mkono mmoja kwenye usukani, jambo ambalo sheria nayo imelikataza, akaupunga hewani mpaka kona ikamchukua.